Umeambiwa upunguze uzito kabla ya kubadilishiwa goti? Anzia hapa

Umeishi na maumivu ya goti au nyonga miaka mingi. Umemeza dawa, umejipaka dawa za kuchua, pengine umechomwa sindano ndani ya goti lenyewe. Mwishowe umefika kwa daktari bingwa wa mifupa, ameitazama picha ya eksirei na kukuambia kwamba gegedu limekwisha, yaani ule utando laini unaozuia mfupa kusagana na mfupa mwenzake. Dawa iliyobaki ni upasuaji wa kuwekewa kiungo bandia. Kabla hujanyanyuka kwenye kiti akaongeza: nenda kapunguze uzito kwanza, urudi baada ya miezi sita. Hakusema upunguze kilo ngapi, wala upunguze vipi na goti ambalo hata kwenda sokoni halikuruhusu. Makala haya yameandikwa kwa ajili yako.

Swali la kwanza huwa ni hili: uzito unahusianaje na upasuaji, ikiwa kitakachokatwa ni goti? Unahusiana kwa njia kadhaa. Mtu mwenye uzito mkubwa sana humpa kazi zaidi mtaalamu wa usingizi, yule anayekupiga ganzi au nusu kaputi na kulinda pumzi yako wakati wa upasuaji. Kidonda chake hukawia kufunga, na hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya mguu huongezeka. Jambo ambalo madaktari huliogopa kuliko yote ni maambukizi. Vijidudu vikishajishika kwenye chuma na plastiki ya kiungo bandia, dawa za kuua vijidudu peke yake mara nyingi haziviwezi. Mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji, kiungo husafishwa au hung'olewa kabisa, na gharama huanza upya. Hatari hiyo huonekana zaidi kwa watu ambao uwiano wao wa uzito na urefu umefika 40 au kupita hapo.

Uwiano huo, ambao hospitalini utasikia ukiitwa BMI, unaweza kuupata mwenyewe kwa kikokotoo cha simu. Chukua urefu wako kwa mita, uuzidishe kwa wenyewe, kisha ugawe uzito wako kwa jibu ulilopata. Tuseme mama ana kilo 104 na urefu wa mita 1.60. Mita 1.60 mara 1.60 ni 2.56. Kilo 104 ukigawa kwa 2.56 unapata 40.6. Kuanzia 25 mtu huhesabiwa kuwa na uzito uliozidi, kuanzia 30 huitwa unene uliokithiri, na 40 ndiyo namba ambayo madaktari wengi wa mifupa wameifanya mpaka. Sasa tazama jambo moja: mama huyu akipunguza kilo mbili tu anashuka hadi 39.8. Amevuka mpaka, lakini mwili wake haujabadilika sana. Ndiyo maana mimi siipi namba hii uzito mkubwa kama wanavyoipa wengine. Nitairudia mbele.

Upunguze kiasi gani basi? Muulize daktari wako akutajie kilo, na umwombe aziandike kwenye kadi. Kama hakukutajia, lengo zuri la kuanzia ni asilimia 5 ya uzito wako, kisha asilimia 10 ukiweza. Kwa mama wa kilo 104 hiyo ni kama kilo tano, halafu kilo kumi. Usizidharau kilo tano. Wachunguzi nchini Marekani waliopima mzigo unaolielemea goti mtu anapotembea walikuta kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Kilo tano, basi, ni kama kulitua goti ndoo ya maji ya lita 20 kila unapokanyaga. Utafiti mwingine wa huko huko, uliotangazwa mwaka 2013, uliwafuata watu wazima wenye uzito uliozidi na maumivu ya magoti kwa mwaka mmoja na nusu. Waliounganisha chakula na mazoezi walipunguza zaidi ya asilimia 10 ya uzito, na maumivu yao yakapungua karibu nusu. Wapo wagonjwa ambao wakifika hapo huamua kuusogeza mbele upasuaji wenyewe, na hilo si kosa.

Mwendo salama ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Kilo kumi kwa mwendo wa nusu kilo ni wiki 20, yaani karibu miezi mitano. Kwa hiyo ile miezi sita ya daktari inatosha, ilimradi usianze mwezi wa tano.

Mizani huna haja ya kununua. Zahanati na kituo cha afya wanayo, maduka mengi ya dawa wanayo, na mijini wapo vijana wanaokaa na mizani kandokando ya barabara wakipima wapita njia kwa sarafu chache. La muhimu ni kupimia kwenye mizani ileile, siku ileile ya wiki, asubuhi, ukiwa na nguo nyepesi. Andika kwenye daftari. Usijipime kila siku. Uzito hupanda na kushuka kwa maji na chumvi tu, nawe utakata tamaa bure.

Tuje jikoni, maana hapa ndipo kazi ilipo. Mtu mwenye goti bovu hawezi kukimbia akapungua. Karibu kazi yote itafanywa na sahani.

Anza na vinywaji. Chai ya vijiko vitatu vya sukari, vikombe vitatu kwa siku, ni vijiko tisa. Chupa ndogo ya soda ina sukari ya kukaribia kiasi hicho peke yake. Juisi ya nyumbani, hata ya embe au pasheni isiyoongezwa sukari, imeacha nyuzinyuzi kwenye chujio na kukuletea sukari ya matunda manne kwa pumzi moja; kula tunda lenyewe. Punguza sukari ya chai kijiko kimoja kila wiki na ulimi utazoea. Kama unakunywa pombe, ihesabu pia, kwani ina nishati nyingi.

Kisha mafuta. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina kilokalori kama 120, kiasi kinachoikaribia nishati ya vile vijiko tisa vya sukari ya chai. Kilokalori ni kipimo cha nguvu iliyomo ndani ya chakula. Isiyotumika mwilini hugeuka mafuta. Nyumba nyingi humimina mafuta moja kwa moja kutoka kwenye dumu hadi sufuriani bila kupima. Pima kwa kijiko, vijiko viwili kwa mboga ya familia nzima, na utashangaa dumu litakavyokaa. Maandazi, vitumbua, sambusa, chipsi na chapati za kusukuma kwa mafuta viwe vya siku maalumu. Kisamvu na matembele ni mboga nzuri mno, ila tui zito la nazi huzigeuza kuwa chakula kingine. Tumia tui jepesi, au uzipike kwa nyanya na kitunguu.

Ugali na wali hujaambiwa uvisahau. Igawe sahani kwa macho: nusu iwe mboga za majani na kachumbari, robo iwe samaki, dagaa, maharage, kunde, choroko, yai au kuku aliyetolewa ngozi, na robo iliyobaki ndiyo iwe ugali, wali, ndizi au viazi. Kwa wengi wetu sahani imekaa kinyume: mlima wa ugali na mboga ya kuusindikizia. Wengine huhamia unga wa dona wakidhani wamemaliza kazi. Dona ni bora kwa kuwa lina nyuzinyuzi na hukaa tumboni muda mrefu, lakini bonge likiwa lilelile, uzito nao utakuwa uleule.

Ile robo ya samaki na maharage usiiguse kwa kisu. Ndiyo yenye protini, chakula kinachojenga misuli na kuziba vidonda. Mtu anaweza kuwa mnene na bado akawa na utapiamlo, kwa sababu ameshiba wanga na mafuta miaka yote huku protini ikipungua. Kabla ya upasuaji hospitali inaweza kupima albumini, protini iliyomo kwenye damu. Ikiwa chini ya gramu 3.5 kwa desilita, kidonda kina hatari kubwa zaidi ya kutofunga au kupata usaha. Kwa sababu hiyo sipendi kabisa kusikia mgonjwa anajinyima chakula akala matango na maji ya ndimu wiki tatu. Atapungua, ndiyo, lakini atakuwa amekula misuli ya paja lake mwenyewe, na misuli hiyo ndiyo itakayomsimamisha siku ya pili baada ya upasuaji. Dagaa, mayai na maharage ni protini ya bei ya chini na inatosha. Mwenye ugonjwa wa figo tu ndiye amwulize daktari kwanza kiasi cha protini anachoruhusiwa.

Na bamia? Mtaani tunaambiwa kwamba bamia na supu ya makongoro hurudisha ute wa goti. Bamia ni mboga njema, ile kwa raha zako, lakini gegedu lililokwisha halirudi kwa bamia. Supu ya makongoro ina mafuta mengi juu yake. Kama huwezi kuiacha, iache ipoe, uyaengue mafuta yaliyoganda ndipo uipashe moto.

Kuna kikwazo kingine ambacho hakimo kwenye vitabu vya lishe: watu. Kwetu mtu akinenepa huambiwa amependeza, afya imemkubali. Akipungua huulizwa kwa sauti ya chini anaumwa nini, na nyuma yake hutajwa maradhi asiyokuwa nayo. Waeleze mapema watu wa nyumbani mwako, hasa anayepika, kwamba ni maandalizi ya upasuaji na yameagizwa na daktari. Kwenye harusi na misiba chukua sahani yako mwenyewe badala ya kusubiri kupakuliwa. Ukipakuliwa pilau huwezi kuirudisha. Anayefunga Ramadhani asidhani mwezi huo utamkondesha wenyewe, kwani futari ya mihogo ya nazi, tambi na kaimati hurudisha kila kitu kabla ya daku. Na kama unatumia dawa za kisukari, mwone daktari kabla ya kufunga ili dawa zipangwe upya.

Sasa mazoezi. Hutapungua sana kwa mazoezi, lakini yatalinda misuli wakati uzito unashuka. Keti kwenye kiti imara, nyoosha mguu mmoja mbele yako, kaza paja, hesabu hadi tano, shusha. Fanya mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Lala chali kitandani, kunja mguu mmoja, unyanyue ule ulionyooka kiasi cha futi moja, ushushe polepole. Ukipata nguvu, simama kutoka kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono, mara tano kwa kuanzia. Wa pwani wana bahati: kutembea ndani ya maji ya bahari yanayofika kiunoni au kifuani huubeba mwili na kuliacha goti likifanya kazi bila kuelemewa. Baiskeli ya kukalia mahali pamoja inafaa pia. Maumivu kidogo wakati wa zoezi ni ya kawaida. Yakiendelea hadi kesho yake, punguza. Lipia kumwona mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, mara moja au mbili akuelekeze, kisha endelea nyumbani. Si lazima ulipie kila wiki.

Kuhusu dawa, nina maonyo matatu. La kwanza ni zile dawa za viungo zinazouzwa bila jina au kwenye vifungashio visivyoeleweka, ambazo hukata maumivu yote kwa siku mbili. Baadhi huwa na steroidi ndani yake, dawa kama deksamethasoni au prednisoloni. Hizi hukuongezea hamu ya kula, huvimbisha uso, hupandisha sukari na kuchelewesha vidonda kupona. Kama umezitumia muda mrefu usiache ghafla, maana ni hatari. Nenda nazo hospitali, pakiti na yote. Sindano ya steroidi ndani ya goti nayo ina masharti: mwambie daktari tarehe uliyochomwa, kwa sababu upasuaji husubiri kama miezi mitatu baada yake ili kukwepa maambukizi.

La pili ni chai na majani ya kupunguza tumbo. Nyingi ni dawa za kuharisha. Kinachopungua ni maji na chumvi za mwili, na upungufu wa chumvi hizo unaweza kuvuruga mapigo ya moyo, jambo ambalo hakuna mtaalamu wa usingizi anayetaka kukutana nalo mezani.

La tatu ni sindano za kupunguza uzito kama semaglutide. Hizi zinafanya kazi kweli, na utafiti wa mwaka 2024 ulionyesha zinapunguza hata maumivu ya magoti kwa watu wanene. Lakini ni ghali, hutumiwa muda mrefu, na mwaka huohuo wa 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya sindano bandia za aina hiyo. Zitumie kwa cheti cha daktari tu, na umwambie mtaalamu wa usingizi kwamba unazo mwilini. Hulifanya tumbo lichelewe kujimwaga, na chakula kilichobaki kinaweza kupanda kikaingia kwenye mapafu ukiwa umelala.

Wapi pa kwenda? Kwa kupima uzito, presha na sukari, anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mtaalamu wa lishe utamwulizia hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa. Upasuaji wenyewe kwa Tanzania unafanywa kwenye hospitali kubwa kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ya Dar es Salaam, KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza. Kwa Kenya, hospitali ya Kikuyu inajulikana kwa kazi hiyo. Mwenye bima hupita ngazi za rufaa, kwa hiyo hifadhi kila karatasi ya rufaa.

Kwa upande wa fedha, sehemu ya kupunguza uzito karibu inajilipa yenyewe, kwa kuwa unachoacha, yaani soda, sukari, mafuta na chipsi, ulikuwa unakinunua. Gharama kubwa ziko mbele. Omba hospitali ikuandikie mchanganuo kabla ya kupangiwa tarehe: kiungo bandia chenyewe, ambacho mara nyingi ndicho kinachokula fedha nyingi, chumba cha upasuaji, siku za kulazwa, vipimo, dawa, fiziotherapia na magongo au fremu ya kutembelea. Uliza bima yako, iwe NHIF kwa Tanzania au SHA kwa Kenya, inalipa kipi kati ya hivyo na kipi utalipa mwenyewe, na uombe jibu kwa maandishi. Wengi huelezwa kwamba upasuaji umelipiwa, kisha hugundua kwenye dirisha la malipo kwamba kiungo hakimo. Weka pia nauli na malazi ya ndugu atakayekuuguza.

Je, ukijitahidi miezi sita na uzito ukagoma? Hapa narudi kwenye ile namba 40. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2022 kuhusu ugonjwa wa kusagika viungo unasema mgonjwa asinyimwe rufaa ya kubadilishiwa kiungo kwa sababu ya unene. Mwaka 2023 vyama vya madaktari wa baridi yabisi na wa upasuaji wa nyonga na magoti wa Marekani navyo vilishauri kwamba upasuaji usicheleweshwe kwa ajili ya kufikia namba fulani ya uzito. Vilishauri ucheleweshwe kwa mambo mengine mawili: sukari isiyodhibitiwa na tumbaku. Nakubaliana navyo. Mgonjwa asiyeweza kutembea akiambiwa asubiri miaka hadi apungue, huzidi kunenepa na misuli yake hunyauka. Kwa hiyo rudi kwa daktari na daftari lako la uzito, umwonyeshe ulichofanya, umwulize hatari yako binafsi ni ipi na kipi kingine kinaweza kurekebishwa. Akishikilia namba tu, una haki ya kuomba maoni ya daktari mwingine.

Wiki mbili tatu kabla ya tarehe ya upasuaji acha kupunguza uzito. Kula kamili, protini kila mlo, uingie na akiba mwilini. Sigara, ugoro na tumbaku ya kutafuna uwe umeziacha angalau wiki nne kabla. Jino bovu litibiwe, maambukizi ya njia ya mkojo yatibiwe, na ukague ngozi chini ya tumbo, chini ya matiti na katikati ya mapaja. Fangasi au kidonda hapo kinaweza kuahirisha upasuaji asubuhi ileile. Usitegemee pia kwamba goti jipya litashusha uzito lenyewe. Wengi hubaki na uzito waliokuwa nao, wakitembea vizuri zaidi, na walioendelea na sahani ileile ya nusu mboga ndio wanaopungua.

Limebaki suala la sukari niliyoitaja juu. Wenye kisukari ambacho hawakijui ni wengi, na husikia habari yake kwa mara ya kwanza wakiwa tayari kwenye orodha ya upasuaji. Omba kipimo kiitwacho HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari yako kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Madaktari wengi wa mifupa hutaka kiwe chini ya asilimia 7.5 au 8. Kama hujapima sukari mwaka huu, nenda kapime wiki hii, kabla hata ya kupanda mizani.